*KADI YA CHAMA SI KIBALI CHA MIPANGOMIJI*

Ndugu wanachama wa Tawi,

Tangu wiki iliyopita maneno yamekuwa makali kuhusu yadi ya kuchinja magari iliyofunguliwa katikati ya nyumba mtaani kwetu. Wapo wanaotaka ifungwe leo. Wapo wanaosema mwenye yadi ni mwanachama mwenzetu, mchango wake kwenye ujenzi wa ofisi ya tawi tunaujua, kwa hiyo tunyamaze. Kamati ya Utendaji imekaa, na msimamo wetu ni huu.

*Kwanza, hatuna ugomvi na kazi yenyewe.* Magari mengi ya Dar es Salaam yaliingia nchini yakiwa yametumika. Dereva wa daladala akiharibikiwa gia boksi hawezi kila mara kununua mpya. Anakwenda Ilala au Gerezani kutafuta iliyotoka kwenye gari lililochinjwa. Vijana wanaofungua injini pale yadi wamo kwenye daftari la tawi hili, na mama lishe anayewauzia chakula naye yumo. Anayewaita wezi wa spea bila ushahidi anawavunjia heshima. Tunamwomba aache.

*Pili, tatizo ni mahali.* Kiwanja kile kimepimwa kuwa cha makazi. Kwa Sheria ya Mipangomiji, Namba 8 ya mwaka 2007, anayetaka kubadili matumizi ya kiwanja anaomba kwa mamlaka ya upangaji, ambayo kwetu ni halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka hayo, mtendaji hana, na tawi la chama halina. Leseni ya biashara nayo haibadilishi matumizi ya ardhi. Tumeomba kuonyeshwa kibali, na mpaka leo hatujaona karatasi.

Tumeulizwa: mbona saluni na maduka yapo kwenye nyumba za watu na hamsemi? Jibu ni kwamba saluni ikihama, kinachobaki ni chumba. Yadi ikihama, oili chafu na maji ya betri vinabaki kwenye udongo. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, hasa ubongo wao. Matairi yaliyorundikwa nje hukusanya maji ya mvua, na humo huzaliana mbu wa dengi, anayeuma mchana. Jiji hili lilikumbwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019.

Tujifunze kwa jirani. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwekwa ubavuni mwa makazi ya watu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na bado kesi ikaendelea kwenye rufaa kwa miaka. Yadi yetu haiyeyushi betri, na tusiseme inayeyusha. Lakini wale waliziba masikio mapema, wakaja kuhesabu wagonjwa baadaye.

*Tatu, chama.* Mchango wa mwanachama ni wa chama, haununui ukimya wa tawi. Leo tukimfumbia macho mwenzetu, kesho akija asiye wa chama chetu akafungua yadi nyingine, tutamzuia kwa mdomo gani? Na tukishangilia tingatinga lije usiku, tutawatazamaje vijana waliopoteza kazi na zana zao?

*Kwa hiyo tunataka:*
1. Mkutano wa wakazi wa mtaa uitishwe, ajenda iwe yadi, na kibali kama kipo kisomwe mbele ya watu.
2. Kama hakuna kibali, yasiingie magari mapya. Yaliyopo yamaliziwe kwa muda utakaokubaliwa mkutanoni.
3. Diwani apeleke halmashauri ombi la eneo la gereji na uchinjaji magari, lenye sakafu ya zege na mahali pa kuhifadhi oili chafu. Vijana wahame wakiwa na pa kwenda.
4. Kuanzia sasa betri na matairi vikae chini ya paa, na watoto wasiingie yadi.

Mwenye yadi tumeongea naye. Amekubali kuja kwenye kikao cha tawi Jumapili saa 10 jioni, ofisini kwetu. Mafundi wake na majirani wa ukuta wamealikwa pia. Njooni na hoja, matusi yabaki nyumbani. Asiende mtu yeyote yadi kwa jina la tawi kabla ya kikao hicho.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.
_Wasomee na wasio na simu janja._