Ukipenda Boga, Penda na Ua Lake

Huku Columbus, Ohio, baridi imeshaanza kupiga hodi. Ni vuli, ila siyo ile vuli yetu ya mvua na matope. Vuli ya huku majani ya miti yanageuka mekundu, yanapukutika, na kila nyumba unayopita imewekewa boga mlangoni. Ndiyo, boga! Lile lile tunalopika na nazi, huku ni pambo.

Mwezi huu nilipanga niwape mambo ya kufanya na watoto msimu wa maboga, basi. Lakini siwezi kuwapa bila kukiri jambo moja kwanza.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba niliolewa na mwanaume mwenye mtoto. Binti yake alilelewa na bibi yake Morogoro, na Agosti mwaka jana akaja kuishi nasi, akiwa na miaka tisa. Nilimpokea vizuri tu. Kitanda kipya, koti la baridi, shule. Nikajiona nimemaliza kazi. Yeye alikuwa na heshima zake, shikamoo kila asubuhi, ila hakuniita jina lolote. Si mama, si mama mdogo. Akinihitaji anakuja kusimama mbele yangu mpaka nimwone.

Oktoba tukaenda shambani. Huku wakulima wengi wanafungua mashamba yao kwa familia. Mnapanda mkokoteni wenye marobota ya nyasi, trekta linawavuta mpaka katikati ya maboga, kila mmoja anachagua lake. Kuna na shamba la mahindi lenye vijia vya kupotezana, watoto wanakimbia humo huku wanapiga kelele za raha. Mwanangu wa miaka minne akachagua boga kubwa kuliko kichwa chake. Nami nikachukua la kuweka mlangoni. Tukalipa, tukaanza kurudi kwenye gari.

Baba watoto ndiye aliyesimama. Akaniuliza taratibu, "Mama, na wa kwangu je?"

Nikageuka. Binti kasimama pembeni, mikono mitupu, anaangalia viatu vyake. Jamani, sikufanya makusudi. Na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba nilihesabu watoto wangu nikapata mmoja.

Tulirudi shambani. Hakuchagua kubwa. Aliokota moja dogo la duara, akaligonga kwa vidole kama bibi yake alivyomfundisha, akasema, "Hili ndilo la kula." Mwenye shamba akacheka, akasema mtoto anajua. Kweli, yale makubwa ya kuchonga yana nyuzi na maji mengi. Matamu ni yale madogo yenye nyama nzito.

Haya, sasa tuje kwenye mambo yenyewe, kama tulivyoyafanya nyumbani wiki ile.

La kwanza, kuchonga. Mtoto achore uso kwa kalamu, mtu mzima ashike kisu. Watoto wachote mbegu kwa mikono, ndiyo raha yao. Walio wadogo sana wape rangi wapake tu. Ndani weka taa ndogo ya betri badala ya mshumaa. Na usichonge mapema, maana boga lililochongwa linaweza kuoza ndani ya wiki, na likishakaa nje usilipike. Kama imani yenu haipatani na Halloween, hamlazimiki kuchonga uso. Sisi tulichonga nyota na mnazi. Desturi yenyewe ina hadithi nzuri: Waireland kwao walikuwa wakichonga mizizi minene jamii ya figili. Walipohamia Marekani karne ya 19 wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga, wakatumia hayo. Mgeni hutumia anachokikuta.

La pili, mbegu. Mimi nilikuwa naelekea kuzitupa. Binti akanishika mkono, mara ya kwanza tangu aje. Akazichambua, akaziosha, akazianika juu ya kitambaa. Tukazichanganya na mafuta kidogo na chumvi, tukaziweka kwenye oveni nyuzi 150 kama nusu saa, tukizigeuza mpaka zikawa za kahawia. Mwanangu alikula mpaka nikaficha bakuli.

La tatu, matembezi. Kusini mwa Columbus, safari isiyofika saa moja kwa gari, kuna mji wa Circleville. Tangu 1903 wanafanya tamasha la maboga mwezi wa Oktoba, Jumatano hadi Jumamosi, na kiingilio ni bure. Hata tangi la maji la mji limepakwa rangi likafanana na boga! Wanapima maboga ya ajabu kwa uzito. Na kama unadhani natia chumvi, mwaka 2023 Travis Gienger wa Minnesota alipeleka Half Moon Bay, California, boga la kilo 1,247. Hilo ni gari dogo, siyo mboga.

La nne, na kwangu la kwanza, ni kupika pamoja. Lile boga dogo tulilikata vipande, tukalichemsha na maji kidogo sana, likaiva. Tukatia tui zito, iliki, sukari kidogo. Binti alikuwa juu ya kigoda, akisimamia. Aliniambia kwamba kwa bibi ua la boga linafunguka asubuhi, na lile lenye kiboga kidogo chini yake ndilo linalozaa, usilichume. Aliongea dakika kumi mfululizo. Tangu Agosti sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Mimi nami sikuwahi kumuuliza.

Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Nilikuwa naujua msemo huu tangu shule ya msingi, na niliusema mwenyewe ukumbini siku ya harusi yangu, watu wakapiga vigelegele. Kuusema ni rahisi. Wewe uliyeoa au kuolewa na mwenye mtoto, usingoje upendo uje wenyewe. Anza kwa kuhesabu vizuri. Sahani ngapi, soksi ngapi, maboga mangapi.

Mwaka huu tumeshanunua manne. Na usiku ule wa kupika, nilipokuwa nimeshaanza kupakua, nikasikia sauti nyuma yangu:

"Mama mdogo, umesahau chumvi."

Nilitia chumvi huku nimempa mgongo, asione macho yangu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.