Usiku Mmoja Hautoshi

Wahenga wa pwani walituachia usemi usemao: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kilimia ni lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, ambalo hupotea upande wa magharibi baada ya machweo mwezi wa Mei, kisha likaonekana tena alfajiri, upande wa mashariki, mwezi wa Juni. Jina lake latokana na kulima. Waliotunga usemi huo hawakutazama nyota kwa kujifurahisha tu; walizitazama ili wajue lini washike jembe. Nao walijua jambo ambalo sisi wa leo twaelekea kulisahau, yaani kwamba mtazama nyota hushindana na mawingu, na hakuna aijuaye mbingu kwa kuitazama mara moja.

Tumeukumbuka usemi huo kwa ajili ya wale wakazi wa Kigali ambao, kiangazi kinapoingia, hutamani kutoka mjini, wapige hema mahali penye giza na wakeshe wakitazama nyota. Wako wanaowacheka na kuwaona watu wasio na kazi. Sisi hatumo katika kundi hilo. Twaona kwamba hamu hiyo ni njema na yafaa ienee hata kwa watoto wa shule. Lakini twaona pia kwamba safari za namna hii hupangwa kwa njia isiyofaa: safari moja kubwa kwa mwaka, ya mbali na ya gharama, ambayo wingu moja laweza kuiharibu. Hoja yetu ni kwamba, kwa kuwa hali ya hewa haina ahadi, lililo muhimu ni kupata usiku mwingi. Na usiku mwingi haupatikani ila uwe wa karibu na wa bei nafuu.

Kwanza yafaa ieleweke ni hazina gani tuliyo nayo. Kigali iko karibu nyuzi mbili kusini ya ikweta, katika kimo cha zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mtu aliye hapa huziona, kwa muda wa mwaka mzima, karibu nyota zote za mbingu zionekanazo kwa macho, za kaskazini na za kusini pia. Huuona Msalaba wa Kusini, na huliona lile kundi la nyota saba za kaskazini ambalo wakazi wa kusini kabisa mwa dunia hawalioni lote. Nyota ya Kaskazini peke yake ndiyo iliyojificha nyuma ya upeo. Tena, kati ya Juni na Agosti, moyo wa Njia Nyeupe, ule mkanda wa nuru hafifu ya nyota zisizohesabika, hupanda juu sana kwetu pamoja na makundi ya Nge na Mshale. Watu wa Ulaya ya kaskazini huuona moyo huo chini kabisa, ukigusa miti na mapaa ya nyumba. Na bahati iliyoje kwamba miezi hiyo ndiyo miezi ya Icyi, kiangazi chetu kirefu.

Hata hivyo kiangazi si mkataba. Katika miezi hiyo ya ukavu, moshi wa mbuga na mashamba yanayochomwa katika nchi nyingi za eneo letu husafiri mbali na kutanda hewani, ukichanganyika na vumbi. Kituo cha kuchunguza hewa kilicho juu ya Mlima Mugogo, kaskazini-magharibi ya nchi, kimepima masizi hayo na kuonyesha kwamba huongezeka sana nyakati za ukavu. Mbingu yaweza kukosa wingu hata moja, na bado nyota za chini zisionekane kwa utusitusi. Halafu kuna misimu miwili ya mvua: Itumba, kuanzia Machi hadi Mei, na Umuhindo, kuanzia Septemba hadi Desemba, ambapo jioni yaweza kuwa safi na usiku wa manane ikanyesha. Kati ya misimu hiyo miwili kuna Urugaryi, kiangazi kifupi, ambacho nacho hakiaminiki. Kuna ukungu unaokusanyika mabondeni kabla ya alfajiri. Na zaidi ya hayo yote kuna mwezi wenyewe, ambao mwangaza wake huzifuta nyota nyingi karibu nusu ya kila siku 29 na nusu.

Basi tukihesabu, usiku ulio mwema kweli kweli si mwingi. Mwenye kuchagua tarehe moja miezi mitatu kabla, akakodi gari na kulipia kambi, amecheza bahati nasibu.

Mfano ulio wazi ulitokea Afrika Mashariki tarehe 3 Novemba 2013, siku ya kupatwa kwa jua. Kivuli cha mwezi kilipita Gabon na Kongo, kikaikata Uganda ya kaskazini, kisha kikaingia Kenya upande wa Ziwa Turkana. Wapenzi wengi wa mambo ya anga walielekea Sibiloi, ukingoni mwa ziwa hilo, mahali pakavu palipodhaniwa kuwa na matumaini makubwa. Walivumilia safari ndefu na ngumu jangwani. Dakika chache kabla ya wakati wenyewe, dhoruba ya upepo, mchanga na mawingu iliwafunika, nao hawakuona walichokifuata. Siku hiyo hiyo, mjini Pakwach nchini Uganda, maelfu ya watu, wakiwamo wanafunzi, walilitazama jua likizimika kwa sekunde zipatazo 20. Wengi wao hawakwenda jangwani. Walisimama tu katika mji wenye shule, maduka na barabara.

Hatusemi kwamba waliokwenda Sibiloi walikosea. Hesabu za hali ya hewa ziliwapa sababu, na kupatwa kwa jua hakuchagui mahali kwa hiari ya mtu. Twasema tu kwamba umbali na gharama havinunui mbingu safi. Na katika kutazama nyota za kila usiku, ambako hatulazimiki kungoja kivuli kipite, sababu ya kuweka matumaini yote katika safari moja haipo kabisa.

Hapa kwetu, mtu akitaja giza, mawazo hukimbilia Mbuga ya Taifa ya Akagera. Ni kweli kwamba upande wa mashariki hupata mvua chache kuliko nyanda za juu za volkano, na katika mbuga hiyo ziko kambi za mahema mbali na taa za mji. Lakini Akagera ina simba, waliorudishwa mwaka 2015, na ina nyati na tembo. Si mahali pa kutangatanga gizani na darubini begani. Zaidi ya hapo, kiingilio, ada ya kambi na gari la kufaa njia za mbuga ni mzigo kwa mwalimu wa shule, sembuse kwa wanafunzi wake arobaini. Anayeweza kwenda na aende, na ataona mengi. Lakini tukiiacha Akagera iwe ndilo dirisha letu la pekee la kutazamia mbingu, nyota zitakuwa starehe ya wageni na ya wachache wenye nafasi, na mtoto wa Kimisagara au Gatenga atazijua kwa picha.

Hilo ndilo linalotusumbua. Ziko nyumba nyingi Kigali ambamo mtoto amefikia umri wa kumaliza shule ya msingi bila kuiona Njia Nyeupe hata mara moja, ilhali bibi yake, aliyelelewa kilimani, aliiona kila kiangazi alipotoka nje. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.7 katika Jiji la Kigali. Mji wenye watu wengi namna hiyo hauwezi kukaa gizani, wala hatuombi ukae. Taa za barabarani ni usalama wa mama anayetoka sokoni na wa kijana anayetoka darasa la jioni. Tunachoomba ni taa iangaze barabara, isiangaze mawingu. Taa iliyofunikwa juu na kuelekezwa chini humwonyesha mpita njia mahali pa kukanyaga, na haipotezi umeme kwa kuwamulikia popo. Tukilizingatia hilo katika vitongoji vipya vinavyojengwa Bugesera, Rwamagana na kwingineko kandokando ya mji, tutabaki na vilima vya karibu ambavyo basi la kawaida laweza kuvifikia. Tusipolizingatia, giza litakimbia mbali zaidi kila mwaka, na gharama ya kulifuata itapanda pamoja nalo.

Iko sababu nyingine inayowafanya wazazi wasite, nayo yastahili heshima. Kwa watu wengi wa rika lao, kulala nje hakukuwa matembezi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walijificha vichakani na kwenye vinamasi usiku na mchana, na katika miezi na miaka iliyofuata wengi walilala chini ya maturubali kwa kukosa nyumba. Mzazi wa namna hiyo akiambiwa kwamba mwanawe anataka kulala kilimani ili atazame nyota, asichekwe akiuliza maswali. Ajibiwe. Aelezwe nani atakuwapo, mahali ni wapi, viongozi wa mtaa wamearifiwa vipi, na aalikwe aje mwenyewe. Tena hapa ndipo ukaribu unapofaa: ni rahisi mzazi kumruhusu mtoto akae hadi saa nne usiku katika uwanja wa shule, kuliko kumwachia siku mbili porini.

Wako watakaosema kwamba usiku wa mawingu ni usiku uliopotea, na kwamba watoto watachoka baada ya mara mbili. Tuwakumbushe jambo linalofanywa na jirani zetu wa Nyamirambo, na na Waislamu wa dunia nzima. Wakati wa mwezi mwandamo hutoka kuutafuta hilali baada ya machweo. Ukionekana, mwezi mpya umeingia. Mawingu yakiuziba, huhesabu siku thelathini kamili, kisha huendelea. Hakuna anayesema kwamba jioni ile imeharibika. Desturi ilikwisha kuliweka wingu ndani ya hesabu, na kwa hiyo wingu halimvunji mtu moyo. Watazamaji wa nyota nao wafanye vivyo hivyo.

Tunavyoona sisi, mpango wa kufaa ni mwepesi. Kila chama cha sayansi shuleni kichague, si tarehe moja, bali jioni tatu au nne katika kila juma ambalo mwezi haupo, tangu Juni hadi Agosti, na jioni kadhaa za Januari na Februari. Ikiwa mawingu yametanda, watu warudi nyumbani bila hasara ya nauli kubwa, na daftari liandikwe: tarehe, saa, upepo, wingu la namna gani. Baada ya miaka michache daftari hilo litatueleza habari za kilima chetu wenyewe ambazo hazimo katika kitabu chochote. Darubini kubwa si lazima. Darubini ndogo ya macho mawili yaonyesha milima ya mwezi na miezi minne ya sayari ya Mshtarii, ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Tochi ifungwe kitambaa chekundu, kwani macho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza, na taa nyeupe ya simu hulivunja zoea hilo mara moja. Kundi likikaa mgongoni mwa kilima badala ya bondeni, litaepuka ukungu. Safari ya kulala hemani na ije baadaye, iwe tuzo kwa wale waliokwisha kuzijua nyota, nao wapewe usiku wa akiba endapo wa kwanza utaharibika.

Nchi yetu haiogopi mambo ya anga. Mwaka 2019 ilirusha setilaiti ndogo ya RWASAT-1 iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Wajapani. Desemba 2022 Rwanda na Nigeria zilikuwa nchi za kwanza za Afrika kutia saini Makubaliano ya Artemis kuhusu uchunguzi wa mwezi. Hayo ni mambo ya fahari. Lakini taifa lililoweka saini yake kuhusu mwezi lina wajibu wa kuwaonyesha watoto wake mwezi wenyewe, na wajibu huo hautaki bajeti ya roketi.

Hata siku ya mtihani twaijua. Tarehe 21 Mei 2031, asubuhi, jua litapatwa na kubaki mfano wa pete kwa watu walio katika sehemu za Angola, Zambia, Kongo na Tanzania, na hapa Rwanda tutaliona limemegwa, ikiwa mbingu itaturuhusu. Mei ni mwisho wa Itumba. Mawingu yaweza kuwapo. Shule iliyokwisha kuzoea kutazama, yenye wenzake katika vilima vingine na yenye vifaa vya kukinga macho, haitababaika: pakifunga hapa, patafunguka pale, na habari zitapashanwa. Shule itakayoanza kujitayarisha juma lile itatazama wingu, kisha itasema haina bahati.

Waliotuachia usemi wa Kilimia hawakungoja bahati. Walitoka nje kila jioni, mvua na jua, mpaka mbingu ikawazoea. Kiangazi kijacho na tuanze.