Nani Atamhesabu Aliyeanguka Emali?

Siku ya tarehe 25 Juni 2025, nchi nzima ilipokuwa ikiadhimisha mwaka mmoja tangu vijana wetu walipopigwa risasi mbele ya Bunge, vituo vya televisheni vya Citizen, NTV na KTN viliondolewa hewani. Mamlaka ya Mawasiliano, chini ya Mkurugenzi Mkuu wake David Mugonyi, ilikuwa imeviamuru vituo vyote vya televisheni na redio vikome kutangaza maandamano moja kwa moja. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani, na siku iyo hiyo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akalisimamisha agizo hilo na kutaka mitambo irudishwe.

Tangu hapo mjadala umekuwa mkali, hata makanisani. Kuna wanaosema kwamba kamera huwachochea vijana, na kwamba picha ya duka linaloporwa mji mmoja huzaa uporaji katika mji mwingine. Kuna wanaojibu kwamba pasipo kamera polisi wangeua bila kuogopa lolote. Tumezisikiliza pande zote mbili kwa makini. Hata hivyo, hatuna budi kusema kwamba zote mbili hubishana kana kwamba Kenya ni barabara tatu za katikati ya Nairobi. Sisi wa Kitui na Makueni tuna swali letu ambalo halijapata mtu wa kulijibu.

Na turudi nyuma hadi tarehe 12 Julai 2023, siku ya maandamano ya upinzani dhidi ya kodi na gharama ya maisha. Jioni ile taarifa za habari zilisoma hesabu ya waliouawa kwa risasi kandokando ya barabara kuu ya Mombasa na viunga vya jiji: watatu Mlolongo, wawili Kitengela, mmoja Emali. (Mlolongo, mji uliopewa jina la foleni ya malori, unabeba jina lilelile la kura tuliyoichukia 1988. Lakini hayo ni mengine.) Kuhusu Mlolongo tulionyeshwa picha nyingi, kwa kuwa huko vituo vya kulipia barabara mpya ya juu viliharibiwa, na mali iliyoharibiwa ina wapiga picha wake. Kuhusu Emali tulipewa maneno mawili tu: mmoja Emali.

Emali si kichaka. Ni mji wa barabara kuu na wa reli, njia panda ya kwenda Loitokitok, mahali Wakamba na Wamaasai wanapouziana ng'ombe, pojo na nyanya tangu enzi za wazee wetu. Umbali wake kutoka Nairobi haufiki mwendo wa saa tatu kwa basi. Ikiwa mtu aliyeuawa mchana kweupe katika mji wa namna hiyo anaweza kupita katika habari za taifa kwa maneno mawili, basi na tujiulize ni maneno mangapi atakayopata atakayeanguka Kyuso, Mutomo, Ikutha au Kathonzweni, ambako ni nadra kumwona mwandishi au gari la televisheni lenye mlingoti.

Wako watakaosema kwamba sheria haihitaji kamera. Ni kweli. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 limesema waziwazi kwamba bunduki ni ya mambo kama kuokoa uhai au kujitetea katika hatari ya kifo, na kwamba askari akiitumia na mtu akafa au akajeruhiwa vibaya, mkuu wake ni lazima aiarifu mara moja Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ile tunayoiita IPOA. Si lazima jamaa wapeleke malalamiko kwanza. Si lazima wawe na wakili. Mahali penyewe pa tukio panapaswa kulindwa ili ushahidi usiharibiwe.

Sheria ni nzuri. Lakini yule anayetakiwa kuandika taarifa ni mkubwa wa yule aliyefyatua risasi, na wote wawili hunywa chai katika kambi moja. Mwananchi anapokwenda kituoni kuomba nambari ya kitabu cha matukio, humkuta nyuma ya meza mtu ambaye pengine alikuwa barabarani jana yake akiwa na bunduki. Ndiyo maana tunahitaji mtu wa tatu, asiye polisi wala jamaa ya marehemu, aliyekuwepo na aliyeandika. Katika nchi zote zilizo huru, mtu huyo huitwa mwandishi wa habari.

Tazameni hesabu za Saba Saba ya 2025. Jioni ya tarehe 7 Julai polisi walisema waliokufa ni watu 11. Siku iliyofuata Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikasema ni 31, na baadaye hesabu yake ikafika 38. Kati ya 11 na 38 kuna watu 27. Watu hao hawakuzuka makaburini. Walikuwa na mama, na walilala katika vyumba vya maiti vya hospitali ambazo serikali yenyewe inazisimamia. Vita vyote kuhusu matangazo ya moja kwa moja, tukivichungua, ni vita kuhusu watu hao 27: kama watahesabiwa, na atakayewahesabu ni nani.

Tusiwadharau wanaotaka kiasi. Mzazi asiuone mwili wa mwanawe kwenye televisheni kabla ya mtu kubisha mlangoni kumpa habari. Damu isirudiwe skrini nzima kila baada ya dakika kumi ili kuuza matangazo ya sabuni. Wahariri wamekosea katika hayo, nasi tumewaambia. Tena tunawaonea huruma wenye maduka waliopoteza kila kitu, kwani wengi wao ni waumini wenzetu na hawakumpiga mtu risasi. Walakini agizo la Mamlaka halikusema neno juu ya maiti wala juu ya heshima ya wafiwa. Lilikataza matangazo yote ya moja kwa moja, likitaja Vifungu vya 33 na 34 vya Katiba, ilhali Kifungu hichohicho cha 34 kinaikataza Serikali kuwaingilia wanaotangaza. Kuonyesha risasi inapofyatuliwa si kuchochea ghasia. Mchochezi, kama yupo, ni yule mwenye kidole kwenye kifyatulio.

Na si mara ya kwanza. Tarehe 30 Januari 2018 vituo hivyohivyo vitatu vilizimwa kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga pale Uhuru Park. Mahakama ikaamuru virudishwe, Serikali ikaiweka amri ile mfukoni kwa siku kadhaa. Machi 2023 vituo sita vilitishiwa na Mamlaka kwa kutangaza maandamano. Kila mara sababu inayotolewa ni usalama, na kila mara kinachozimwa ni macho.

Tunaona ajabu moja katika mambo haya. Tarehe 26 Juni 2025, siku moja baada ya mitambo kuzimwa, Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alizungumza juu ya kumpiga risasi yeyote atakayekaribia kituo cha polisi, kisha baadaye akajitetea kwamba maneno yake yamepotoshwa. Tarehe 9 Julai Rais mwenyewe akasema kwamba wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi za miguu. Maneno hayo yaliifikia nchi kwa kamera zilezile. Hakuna aliyezima mtambo wakati huo. Inaonekana, basi, kwamba si kila tangazo la risasi linahatarisha usalama. Linalohatarisha ni lile linaloonyesha mahali risasi ilipotua.

Ndugu wasomaji, wale kati yetu wenye mvi wanakumbuka redio ilipokuwa moja, nayo ya Serikali. Tarehe 7 Julai 1990 watu wasiopungua 20 walikufa katika ghasia zilizoanzia Kamukunji na kuenea miji mingine. Huku kwetu wengi walizipata habari hizo usiku, wakiwa wameinamia redio ndogo kuisikiliza idhaa ya London. Kabla ya hapo, 1988, Baraza la Makanisa lilikuwa limethubutu kuandika ukweli kuhusu uchaguzi wa mlolongo katika jarida lake liitwalo Beyond. Jarida likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo kwa madai ya kutowasilisha hesabu za mauzo. Hesabu za mauzo! Hakuna aliyethubutu kusema mahakamani kwamba alichoandika ni uongo. Tena tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia katika Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi, wakatupa gesi ya machozi, wakawapiga waliokuwa wakisali, akiwamo Mchungaji Timothy Njoya. Picha zilichapishwa. Hata viongozi wa dini waliokuwa wakisitasita hawakuweza tena kujifanya hawajui, na miezi michache baadaye Serikali ikakubali sheria kadhaa zibadilishwe. Mwaka huohuo mwanasiasa wa Kitui, Charity Ngilu, aligombea urais wa nchi hii.

Basi Kanisa halikuanza jana kuandika yaliyokatazwa. Ndiyo sababu hatukubali neno tunalolisikia kwenye vikao vya wazee wa kanisa, kwamba mambo ya risasi ni ya wanasiasa na sisi tushughulike na ibada.

Mtu atauliza: je, kuandika kunasaidia nini, ikiwa mwenye bunduki ana nguvu? Jibu liko jirani, Machakos. Tarehe 23 Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake mwendesha bodaboda na dereva wao wa teksi walitekwa walipotoka mahakama ya Mavoko. Mteja yule alikuwa amepigwa risasi na askari, naye akaenda kulalamika. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Miili yao ilitolewa mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk. Lakini kabla ya kuuawa, wakili alipata kipande cha karatasi ya chooni, akaandika wito wa kuomba msaada, akakitupa nje ya mahali walipofungiwa. Kikaokotwa. Mawakili wakaandamana, magazeti hayakuiacha habari ile, na kipande kile kikafika mahakamani kuwa ushahidi. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na raia mmoja, na Februari 2023 wakahukumiwa. Ilichukua zaidi ya miaka sita. Tunakiri kwamba ni mingi mno. Lakini pasipo karatasi ile, na pasipo waandishi waliokataa kunyamaza, tungeambiwa hadi leo kwamba watatu hao walipotea tu.

Kwa hiyo tunayo madai. Mamlaka ya Mawasiliano iache kushika swichi isiyo yake. Kama mhariri amevunja sheria, mahakama zipo. Wahariri wa Nairobi nao wasidhani kwamba tunawatetea bure. Mnapotangaza "mmoja Emali", tumeni mtu Emali kesho yake, na tena baada ya mwezi, aulize kama IPOA ilifika, kama daktari wa serikali aliupasua mwili, kama faili liko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka au limelaliwa na vumbi. Musyi FM na Mbaitu FM zinasikika hadi kwenye mashamba ya mbali kabisa. Bibi asiyesoma gazeti husikiliza Kikamba jikoni mwake. Vituo hivyo vina wajibu mkubwa kuliko televisheni zote, na tungependa kusikia humo saa moja kila juma ikitengewa wafiwa, badala ya wanasiasa walewale wakitukanana.

Na sisi wenyewe? Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027 umo katika hesabu za kila mwanasiasa, na hatuna sababu ya kuamini kwamba bunduki zitabaki ghalani. Tunaziomba parokia na makanisa yote, kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei, kila moja ichague watu wawili, mmoja mwanamke na mmoja kijana, wanaojua kuandika vizuri na wasiogombea kiti chochote. Wapewe daftari lenye kurasa zilizohesabiwa, lisiloweza kunyofolewa ukurasa bila kujulikana. Mtu akipigwa risasi, waandike siku na saa, mahali hasa, nambari ya gari la polisi ikionekana, majina ya walioshuhudia kama wamekubali wenyewe, na hospitali alikopelekwa. Maganda ya risasi wasiyaguse. Wayapige picha yalipo. Wafiwa washauriwe wasizike kabla ya uchunguzi wa maiti, na waombe daktari wanayemwamini awepo. Tunajua ni neno gumu kwa jamaa walio masikini, kwa sababu mochari hutoza kila siku inayopita. Harambee za matanga tunazifanya kila Jumamosi; na zifanywe kwa ajili ya hilo pia.

Nakala moja ya ukurasa ipelekwe IPOA, moja kwa Tume ya Haki za Binadamu, moja kwa mwandishi wa habari. Daftari lenyewe libaki ofisini kwa padre au mchungaji, katika kabati moja na kitabu cha ubatizo.