Hitler hana sifa Bukoba

Anayeketi kijiweni hapa Bukoba, kahawa ya kutafuna mkononi, akamwita Hitler "jembe" na wenzake wakacheka, hajui amekaa mji gani. Mji huu ulishapigwa mabomu na mtu aliyekuwa na sifa hizohizo mdomoni.

Septemba 1972 Idi Amin, mtawala wa Uganda, alimpelekea telegramu Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akisifu mauaji ya Wayahudi milioni 6. Mwezi mmoja kabla alikuwa amewapa Waasia wa Uganda siku 90 wafungashe, kwa hesabu ileile ya Hitler: kuna watu fulani wameshika fedha zetu, wakiondoka tutashiba. Waliondoka. Maduka wakapewa wanajeshi, sukari na sabuni zikaadimika. Zamu ikawafikia pia Abayudaya wa Mbale, wakulima walioishika dini ya Kiyahudi tangu siku za mwasisi wao Semei Kakungulu, mwaka 1919. Hawakuwa na benki wala jeshi, ila jembe la mkono na sinagogi. Wakakatazwa kusali.

Mwezi uleule wa telegramu, ndege za Amin ziliishambulia Bukoba. Sababu ya karibu ilikuwapo: wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka mpaka Mutukula wakitokea kwetu. Hatusemi telegramu ndiyo iliyoleta mabomu. Tunasema walioisoma wakaiona kichekesho walikuwa wameshaambiwa, kwa maneno yake mwenyewe, ni mtu wa namna gani. Mwaka 1978 aliingiza jeshi Tanzania, na daraja la Kyaka likavunjwa.

Tutaambiwa tunaitetea Israeli. Hapana. Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, na Mwalimu Nyerere alisimama na Wapalestina mchana kweupe bila kumhitaji Hitler. Serikali ya Israeli ishitakiwe kwa matendo yake Gaza. Myahudi wa Mbale au wa New York hana kesi ya kujibu.

Kwa hiyo lawama tunaiweka mahali pake: kwa mtangazaji anayeupitisha utani wa kumsifu Hitler hewani, kwa mhubiri anayelaani ukoo mzima wa Wayahudi kutoka mimbarini, na kwa mwalimu wa historia anayemfundisha Hitler kama jemadari wa vita tu, akaruka makambi ya mauaji kwa sababu hayatoki kwenye mtihani.

Wapo wazee Kyaka waliokimbia 1978 wakaacha migomba na mifugo. Anayetaka kumsifu Hitler aende akamsifu mbele yao.