Walipochoka Kuzika

Akina mama wapendwa, mwezi huu tuwatazame wenzetu Waaborijini wa Fitzroy Crossing, mji mdogo wa Australia Magharibi. Pombe ilikuwa imewaletea vipigo majumbani, vijana kujiua na mazishi yasiyokwisha. Mwaka 2007 wanawake, wakiwemo June Oscar na Emily Carter, waliomba serikali izuie kuuzwa kwa pombe ya kwenda nayo yenye kilevi kinachozidi asilimia 2.7. Wapo waliowakasirikia, lakini hawakurudi nyuma. Ombi likakubaliwa, na majeruhi waliofikishwa hospitalini wakapungua.

Kisha wakagusa jambo zito zaidi: watoto waliodhurika tumboni kwa sababu ya pombe aliyokunywa mama. Mwaka 2009 wao wenyewe walishirikiana na madaktari kuanzisha uchunguzi wa watoto hao, ulioitwa Lililwan, yaani "wadogo wote". Hawakutaka mama yeyote anyoshewe kidole. Walitaka watoto wasaidiwe.

Nasi tujiulize: mtaani kwetu ni msiba gani tumeuzoea hadi tumenyamaza? Tusingoje mgeni aje kutusemea. Wenye uchungu na mtoto ni sisi.