MZEE NI MMOJA, MARADHI NI MENGI

Kuishi maisha marefu ni neema. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini Tanzania, na kati yao karibu milioni 3.5 walikwisha timiza miaka 60 au zaidi. Mwaka 2012 wazee hao walikuwa karibu milioni 2.5. Lakini neema hiyo imefuatana na jambo ambalo hatuna budi kulisema wazi: wazee wetu wengi hawaugui ugonjwa mmoja. Mtu yule yule ana shinikizo la damu, ana kisukari, magoti yanamwuma, na macho yanafifia.

Maradhi haya hayakai kila moja peke yake. Kisukari na shinikizo la damu vikikutana huziharibu figo upesi zaidi. Mwenye kisukari huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Dawa za maumivu kama daiklofenaki, ambazo mzee huzinunua dukani apate kulala, huweza kulipandisha shinikizo lile lile analolinywea dawa kila asubuhi. Wako pia wale walioanza kupewa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI mpango wa taifa ulipoanza mwaka 2004. Dawa hizo ziliwaokoa. Sasa wanazeeka, na presha na kisukari vinawafuata kama vinavyowafuata wenzao.

Pamoja na hayo, mara nyingi mgonjwa huyu mmoja hutibiwa vipande vipande. Jumanne ni kliniki ya presha, Alhamisi ni ya kisukari, wiki ijayo ni ya macho. Kila mahali kuna kadi yake, na anayeandika dawa hapa hajui kilichoandikwa kule. Mzee asiye na nauli ya safari tatu huchagua moja, na ugonjwa aliouacha ndio unaomwangusha. Kamba hukatikia pabovu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki yao ya kutibiwa, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hizo ni hatua njema. Lakini bima hulipia matibabu, yenyewe haiyaunganishi. Na kumpisha mzee mbele ya foleni ni adabu nzuri, ila foleni tatu zitabaki kuwa tatu.

Twasema basi: mzee mwenye maradhi matatu aonwe siku moja, kwa daftari moja, na awepo mtumishi mmoja wa kuzipitia dawa zake zote. Jambo hili halingojei hospitali ya ghorofa. Laweza kuanzia kwenye zahanati.

Nasi wafanyakazi tunayo sehemu yetu, kwani figa moja haliinjiki chungu. Kila mwenye mzazi nyumbani na akusanye katika kikapu kimoja dawa zote anazotumia, za hospitali, za dukani na za mitishamba, aende naye kwa mganga zikaguliwe pamoja. Wala asiache dawa yoyote kwa shauri lake mwenyewe.

Wazee hawa ndio waliolima mashamba na kupakua shehena bandarini tulipokuwa watoto. Tulio kazini leo tumo katika njia ile ile, na utaratibu tutakaowawekea wao ndio utakaotupokea sisi.