Bastola kubwa, risasi ndogo: Tizi ya bei chee ina mwisho wake

MPIRA mmoja ukitunzwa unapigwa msimu mzima. Risasi inapigwa mara moja, imekwenda. Ndiyo maana kwenye mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola, hasa ule wa kukimbia huku unafyatua unaosimamiwa na shirikisho la IPSC, anayepiga tizi nyingi mara nyingi ni mwenye mkwanja mrefu.

Marekani, ambako wachezaji wa mchezo huu ni wengi, walionja joto ya jiwe mwaka 2020. Korona iliingia, watu wakavamia maduka ya silaha, na risasi ya milimita 9 iliyokuwa haifiki senti 20 za Dola ikapanda hadi zaidi ya senti 60. Baadaye ilishuka, ikawa inacheza kwenye senti 25 hivi. Bado ni pesa kwa mtu anayemaliza risasi 200 kwa wiki.

Hapo ndipo wengi wanapokimbilia seti ya kubadilishia. Ni nusu ya juu ya bastola, basi. Unavua slaidi, mtutu, springi na magazini ya milimita 9, unapachika vya .22, ile risasi nyembamba ambayo fataki yake iko kwenye ukingo wa kitako badala ya katikati. Kwa kuwa risasi hiyo haina nguvu, slaidi yake mara nyingi hutengenezwa kwa aluminiamu ili iwe nyepesi. Chini hakibadiliki kitu: mpini ni uleule, triga ni ileile. CZ ya Jamhuri ya Czech inayo seti ya bastola yake ya CZ 75, inaitwa Kadet. Advantage Arms ya Marekani inatengeneza za Glock.

Piga hesabu. Tuseme seti ni Dola 350 na risasi ya .22 ni senti 8. Unaokoa senti 17 kila unapofyatua, kwa hiyo risasi 2,000 na ushee zinarudisha pesa yako. Kwa huyo wa 200 kwa wiki, ni miezi miwili na nusu tu.

Na faida yake uwanjani ipo. Watu wanadhani kulenga ni jicho, kumbe kidole ndicho kinachoharibu. Anayeanza na bastola kubwa huogopa teke lake, akajikunja na kusukuma mtutu chini kabla risasi haijatoka. Kwa .22 woga huo unapungua, mkono unajifunza kuvuta triga taratibu, na kwa kuwa triga ni ya bastola yake mwenyewe, anachojifunza kinabaki.

Tatizo ni risasi ya pili. IPSC wanapima nguvu: uzito wa risasi kwa greni, zidisha kwa kasi ya futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Usipofikisha 125, pointi zako hazihesabiwi. Risasi ya kawaida ya .22 ina greni 40. Ikienda futi 1,100 unapata 44. Ni theluthi moja na kidogo tu. Kwenye mchezo ambao shabaha nyingi zinataka risasi mbili, ushindi uko kwenye kuirudisha bastola mahali pake baada ya teke, na hilo .22 haikufundishi. Saa ya mazoezini inakupa muda mzuri wa uongo. Ni straika anayefunga kila siku tizi mbele ya mabeki wanaompisha.

Hili si jambo jipya. Colt walilijua tangu miaka ya 1930. Bastola yao ya Service Ace ya mwaka 1937 ilitumia chemba inayosogea, ubunifu wa David Marshall Williams (jamaa aliyewahi kufungwa kwa mauaji kule North Carolina), ili .22 ipige teke linalokaribia la .45. Seti nyingi za leo hazina kitu hicho.

Kwangu mimi, .22 ibaki ya siku za kawaida. Wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano, magazini ijae milimita 9, hata kama ni risasi 50 tu kwa siku.

Halafu kuna ukorofi wake. Risasi dhaifu hushindwa kuisukuma slaidi, bastola ikakwama. Nyingine hazilipuki kabisa kwa sababu fataki haikuenea vizuri kwenye ukingo. Na ubei chee wenyewe hauna mkataba. Baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, Wamarekani waliogopa sheria mpya wakasomba risasi madukani. Iliyochelewa zaidi kurudi kwenye rafu ilikuwa hiyohiyo .22, na wenye seti zao wakabaki nazo kabatini.